Pikapu Ilivyofika Wenje

Mjomba wangu aliuza pikapu yake Agosti 2018 ili mimi niende chuo. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu. Pikapu bado inatembea.

Najua inatembea kwa sababu niliiona Desemba iliyopita pale stejini Wenje, imebeba mbuzi, magunia ya maembe na kina mama watano juu ya magunia. Mwenyewe wa sasa ameipaka bluu juu ya ile nyeupe tuliyoizoea, na kioo cha upande wa abiria siku hizi ni karatasi ya plastiki. Lakini ilipowashwa niliitambua kabla sijageuka. Injini ile ina sauti yake, nzito, haina haraka, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuanza kikao.

Mjomba alikuwa kando yangu. Niliogopa kumtazama usoni. Yeye aliangalia gurudumu la nyuma likichezacheza, akasema, "Bushi zimekwisha hizo, mpwa wangu. Asipozibadilisha mapema, springi zitaanza kula chesisi." Basi. Akarudi kwenye chai yake.

Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa. Mtu amepoteza gari, mpwa wake amepoteza masomo, na yeye anahurumia bushi. Ndipo nikaanza kuuliza swali ambalo sikuwahi kuuliza nikiwa mdogo, maana mtoto huona gari la nyumbani kama anavyoona mwembe: lipo tu. Land Cruiser ya pikapu ikiwa mpya ni gari la mamilioni ya shilingi. Mjomba analima ndizi na maembe kando ya mto. Ilifikaje kwetu?

Kama hujawahi kufika Wenje, toka Malindi kama unaenda Garsen, na badala ya kukata kwenda Lamu, endelea na barabara ya Hola. Mto Tana unakuwa mkono wako wa kulia, umejificha nyuma ya miti. Wapokomo wanalima ukingoni, Waorma na Wardei wanachunga upande wa nchi kavu, na katika vipande vya msitu wa mto kuna mbega wekundu wasiopatikana kwingine popote duniani. Hifadhi yao ilitangazwa 1976. Upande wa magharibi nchi inafunguka, vichaka na vumbi, ranchi baada ya ranchi hadi Tsavo Mashariki. Kiangazi, gari linatembea popote. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unageuka ulimbo. Unashika tairi, unajaa kwenye madigadi, gurudumu linazunguka na gari limesimama pale pale.

Magari ambayo wazee wetu wanayakumbuka mwanzo yalikuwa ya serikali. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam Aprili 1948, mwili wake wa alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma cha karatasi. Ilikusudiwa wakulima wa Kiingereza. Haikuchukua muda ikawa gari la DC, la polisi, la askari wa wanyamapori, kila mahali bendera ile ilipopepea. Kenya ilipowekwa chini ya hali ya hatari 1952, ukiona Land Rover inakuja kijijini hukujiuliza kama ni gari zuri. Ulijiuliza imekuja kumchukua nani.

Hola iko juu kidogo kutoka kwetu, barabara hiyo hiyo. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola baada ya kulazimishwa kufanya kazi ya kuchimba mifereji. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Kumbe hata gari linaweza kusingiziwa mauaji. Najua hili si suala la springi wala gia, lakini siwezi kuandika kuhusu magari ya Tana River nikaliruka. Kwa muda mrefu sana huku, gari lilikuwa kitu cha mtu mwingine, na lilikuja na shughuli zake.

Baada ya uhuru zikaja ranchi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni moja ilikodishwa ardhi ya Galana, kama ekari milioni 1.5, kati ya mto Galana na nchi ya Tana, imepakana na Tsavo Mashariki. Hebu fikiria ukubwa huo. Unaweza kuendesha siku nzima ukaishia bado uko ndani ya shamba la mtu. Wakati huo huo, kuanzia 1968, serikali ilianza mradi mkubwa wa maendeleo ya mifugo kwa pesa za Benki ya Dunia, mikopo ikipitia AFC, na katika miaka iliyofuata ranchi za kampuni na za wenyeji zikapewa sura rasmi katika wilaya yetu. Majina kama Idasa Godana na Wachu bado yapo. Nyingi hazikunawiri zilivyopangwa. Galana nayo ilirudi mikononi mwa serikali mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya ADC, na vijana wa rika langu wanaijua kwa ule mradi wa mahindi wa Galana-Kulalu uliozinduliwa 2014.

Lakini ranchi zilifanya jambo moja: zilifundisha watu wa huku pikapu ni ya kazi gani. Ng'ombe anatembea mwenyewe. Maji hayatembei. Chumvi haitembei, dawa ya josho haitembei, nguzo za ua hazitembei, na ndama aliyezaliwa kilomita ishirini kutoka bomani hatembei pia. Babu yangu, baba yake mjomba, alikuwa tanboi wa ranchi moja upande wa magharibi katika miaka ya 1970. Alikuwa akituambia kazi yake ilikuwa "kushuka." Gari likifika kwenye geti, anashuka. Likikwama, anashuka. Likifika kisimani anashuka kujaza trela la tangi, halafu anapanda nyuma akining'inia na kuangalia kama pini ya trela bado ipo. Alizungumza pia juu ya kivuko cha Garsen kabla ya daraja, pantoni la kuvutwa kwa kamba na mikono ya watu, magari yakisubiri zamu ukingoni huku madereva wakilala chini ya mikongoja ya trela. Mto ukijaa, safari imekwisha. Mnasubiri siku, mnasubiri wiki.

Nakumbuka babu akisema dereva mzuri hajulikani kwa mbio, anajulikana kwa vitu alivyobeba chini ya kiti. Waya, sabuni ya kipande ya kuziba tangi la mafuta likitoboka, mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa vipande virefu, na maji. Maji mara mbili: ya rediata na ya watu, na usichanganye.

Hapa nitoke kidogo nje ya Tana, kwa sababu hadithi ya jinsi Land Rover ilivyopitwa haikuanzia kwetu. Huko Australia, mwishoni mwa miaka ya 1950, kulikuwa na ujenzi mkubwa wa mabwawa ya umeme milimani, mradi wa Snowy Mountains. Mkandarasi mmoja, Leslie Thiess, alileta Land Cruiser chache kutoka Japani zifanye kazi huko. Wakati huo bidhaa ya Kijapani ilichekwa kama tunavyocheka leo simu feki ya mtaani. Lakini zile gari zilifanya kazi, na Land Rover za wakati ule zilikuwa na udhaifu uliojulikana: vile vyuma viwili vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, mafundi wanaviita hafushafti, vilikatika zikibebeshwa mzigo mzito. Land Cruiser ilikuwa nzito zaidi, injini yake kubwa zaidi, ekseli nene. Ilikula mafuta, ndiyo. Lakini ukiwa mbali na karakana, mafuta ni hasara unayoweza kupanga mapema. Hafushafti ikikatika haikupi taarifa.

Toyota walizindua mfululizo wa 70 mwaka 1984. Mwaka 1990 wakaweka ndani yake injini ya dizeli inayoitwa 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta. Nguvu zake ni kama farasi 130 hivi. Msomaji wa Nairobi mwenye Subaru atacheka, na acheke. Nguvu ya injini hii haiko kwenye mbio, iko chini, kwenye mizunguko michache, pale unapotaka gari litambae kama kobe huku limevuta tani mbili. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Betri ikichoka, wanaume wanne wanasukuma na inawaka. Mwaka 1999 pikapu ikabadilishwa, springi za mbele zikawa za koili badala ya majani, na jina likawa 79. Nyuma majani yakabaki, kwa sababu majani ndiyo yanayobeba mzigo. Australia, gari hilo linauzwa kwa ahadi ya kukokota tani 3.5. Wenje hakuna aliyeuliza ahadi.

Na haya magari, kwa miaka mingi sasa, yanaunganishwa Mombasa, kwenye kiwanda cha AVA. Kiwanda hicho ni mmoja wa watoto wa miaka ya 1970, wakati serikali ilipotaka magari yaunganishwe nyumbani. Leyland wakajenga Thika, General Motors Nairobi. Mimi nimeishi Mombasa tangu niache chuo na sikujua. Nimepita nje mara ngapi nikienda kutafuta kibarua.

Sasa turudi kwenye swali langu, maana jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Unajua Probox inavyofika Kenya. Inazeeka Japani, inapanda meli, inashuka Mombasa, inapata namba, na baada ya mwezi iko Kisii imebeba watu tisa. Sheria inasema gari kuukuu linaloingizwa lisizidi miaka minane, lakini kwa Probox hiyo si shida, ziko nyingi. Land Cruiser ya pikapu haiji hivyo. Japani kwenyewe mfululizo wa 70 uliondolewa sokoni 2004, ukarudi kwa muda mfupi tu 2014, halafu tena 2023. Yaani hakuna bwawa la pikapu za mitumba za kuvua. Hapa kwetu zinanunuliwa mpya, na wanaonunua mpya ni serikali, polisi, kaunti, Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, kampuni za watalii, ranchi kubwa. Mtu kama mjomba wangu hana mlango wa mbele wa kuingilia. Ana mlango mmoja tu wa nyuma, nao unaitwa mnada.

Pikapu yetu ilinunuliwa na shirika la misaada lililokuja na mafuriko ya El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998, wakati Tana ilipovunja kingo na vijiji vikahamia juu ya matuta. Ndiyo maana watoto wa Wenje waliiita Elninyo. Ilibeba unga, ikabeba dawa, ikabeba wazungu wenye kofia. Shirika likafunga mradi. Gari likapelekwa ofisi nyingine, likafanya kazi ya chanjo za mifugo miaka kadhaa. 2005 likapigwa mnada Malindi, na mjomba na rafiki zake wawili wakachanga. Baadaye mmoja akajitoa, mwingine akafariki, mjomba akawalipa familia yake fungu lao kidogo kidogo kwa miaka minne. Alipoliuza 2018 lilikuwa na umri wa miaka ishirini. Aliyelinunua anamaliza miaka saba na zaidi nalo.

Hesabu hiyo ndiyo sikuwahi kuiona. Gari ambalo linadumu miaka kumi lingekufa likiwa bado la ofisi. Lingezikwa kwenye uwanja wa nyuma wa shirika fulani Nairobi, nyasi zikiota kwenye boneti, na Wenje tusingeliona ila likipita. Ule uimara unaosifiwa kwenye matangazo, wa kupanda mawe na kuruka mito, si ndio uliotufaa. Kilichotufaa ni kwamba lilichoka polepole kuliko wenyewe wa kwanza walivyochoka nalo. Sisi tulipata miaka ya mwisho, na miaka ya mwisho ilikuwa mingi.

Usinielewe vibaya, Land Cruiser haiharibiki kwa miujiza wala haiponi kwa miujiza. Yetu ilipasuka chesisi mara mbili nyuma ya kebini, mahali zinapopasuka pikapu zinazobebeshwa kupita kiasi, na kosa lilikuwa letu: mawe ya kujengea, tena na trela juu yake. Fundi wa Garsen akachomelea bamba, na kila mwaka akapitia lile bamba. Hewa ya chumvi ya Malindi ilikula sakafu hadi ukikaa mbele unaona barabara ikipita chini ya miguu yako. Vumbi lilikuwa adui mkubwa kuliko tope. Filta ya hewa ikisahaulika, vumbi la nchi yetu linakuwa msasa ndani ya silinda, kimya kimya, na siku utakayojua ni siku moshi utakapokuwa wa bluu.

Halafu kuna mkanda wa taiming. Injini hii ngumu kuliko nyundo ina mkanda wa mpira ndani yake, na ukikatika, umeisha. Toyota waliweka taa kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT, inawaka kila kilomita 100,000. Lakini taa inahesabu kwa kufuata odometa, na odometa yetu ilikufa zamani. Kwa hivyo mjomba alihesabu kwa Idi. Kila Idi kubwa ya tatu, mkanda mpya, hata kama mkanda wa zamani unaonekana fiti. Nilikuwa nikidhani ni sunna fulani.

Nikiulizwa lini niliona gari hilo likifanya kazi yake, nitasema Aprili na Mei 2018, mafuriko yale, miezi michache kabla ya kuuzwa. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nasubiri barua ya chuo, kwa hivyo nilifanywa tanboi kama babu. Kazi ilikuwa kushuka. Unashuka kwenye tope hadi magotini, unafunga hubu za mbele kwa mkono, moja kushoto, moja kulia, kwa sababu kwenye gari hili ya mbele haivuti mpaka uifunge. Unapanda. Mjomba anaweka gia nzito ya chini, anatoa klachi, na hapo ndipo nilipojifunza kitu: hakanyagi mafuta. Anaiachia injini ijitembeze yenyewe. Anasema ukikanyaga unachimba kaburi.

Tulivuta magari ya kila namna. Probox mbili. Lori la mbao ambalo halikutoka, tukalipunguzia mzigo, likatoka. Trekta, naam, trekta, na mwenyewe aliona haya hadi akatuomba tusiseme. Kamba ilikuwa ya nailoni, ile nene ya bandarini, si cheni. Cheni haina subira, mjomba alisema, ikikatika inarudi na kichwa cha mtu. Nailoni inanyooka kwanza, inakusanya nguvu, halafu inavuta kama mtu anayeamka. Usiku mmoja tulimbeba mke wa jirani, uchungu umeshaanza, juu ya godoro nyuma, shangazi akimshika. Tulitumia karibu saa nne kufika Hola. Mtoto yule sasa yuko shule. Baba yake alilipa kuku wawili na deni likabaki, nadhani hata leo lipo.

Sitaki mtu asome hii kama sifa ya chuma. Chuma hakina dini. Mwaka 1987 jeshi la Chad liliwafukuza Walibya kaskazini mwa nchi yao likiwa na pikapu za Toyota zilizofungwa silaha, zikikimbia kuzunguka vifaru, na vita vile vikabaki na jina la Toyota hadi leo. Somalia ilipovunjika 1991, pikapu zenye bunduki kubwa nyuma zikawa jina la kawaida, na Somalia si mbali na kwetu. Kuna wazee wa Wenje waliozoea kusikiliza mlio wa injini usiku na kujiuliza maswali. Kile kile kinacholifanya gari lifae kwa mjamzito ndicho kinacholifanya lifae kwa mwenye bunduki. Halichagui.

Kuna kisa kingine cha Galana ninachokipenda kuliko vyote, na hakina magurudumu. Miaka ya 1980 watafiti wa KETRI, wale wa ugonjwa wa malale, walifanya kazi Galana kwa sababu mbung'o ni wengi. Walilinganisha ng'ombe wa Borana wa ranchi, waliofugwa kitaalamu, na ng'ombe wa Borana wa Waorma. Wa ranchi walikuwa wakubwa zaidi. Wa Waorma waliumwa na mbung'o na wakasimama. Walipata maambukizi machache, na walipoambukizwa, damu yao haikuporomoka kama ya wenzao. Vizazi na vizazi vya Waorma vilikuwa vimechagua bila maabara. Hawakuuliza ng'ombe yupi ana kilo nyingi, waliuliza yupi atakuwa hai mwakani. Nilipomsimulia mjomba, aliniangalia kama mtu aliyeambiwa maji yana unyevu.

Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mtupu, ulionyesha mpaka wa hekima hiyo. Hata ng'ombe wa Waorma walianguka. Mnyama akidhoofika hadi hawezi kutembea kwenda sokoni, anabebwa na pikapu, na nauli yake inaweza kumaliza bei yake. Wakati huo sisi hatukuwa na gari tena. Mjomba alinipigia simu mara moja kuuliza kama masomo yanaendelea vizuri. Nilikuwa nimeacha miezi mitano nyuma. Nikasema yanaendelea.

Siwezi kueleza kwa nini niliacha bila kutoa visababu, na visababu nimechoka navyo. Karo ya mwaka wa kwanza na wa pili ilitoka kwenye Elninyo. Ya mwaka wa tatu ilikuwa itoke mahali pengine, na mahali pengine hapakuwapo, na mimi nilikuwa nimeanza kufeli kabla hata pesa hazijaisha. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo nilikuwa sijaiandika popote.

Siku hizi mambo yanabadilika kwenye hizo gari pia. Mwaka 2023 mfululizo wa 70 ulipata injini ndogo, lita 2.8, ya turbo na kompyuta, na gia otomatiki. Ina nguvu kuliko 1HZ, inakula dizeli kidogo, haitoi moshi mwingi, na nisiwe mnafiki, hewa safi ni jambo zuri. Lakini injini za namna hii zinasukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia vitundu vidogo mno, na zinataka dizeli safi. Nchi hii iliona wizi wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa umezidi hadi Septemba 2018 ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. 1HZ ikinywa uchafu huo inakohoa. Hizi mpya zinalazwa, na daktari wake ana laptopu na yuko Nairobi.

Kwa hivyo najiuliza, pikapu inayonunuliwa leo na kaunti, nyeupe, ina stika mlangoni, itakuwa na umri wa miaka ishirini mwaka gani, na itakuwa wapi? Itashuka mpaka Wenje, au itafia juu, kwenye uwanja wa ofisi, kwa kukosa kidude kimoja cha umeme? Huenda nakosea. Mafundi wa Garsen wameshangaza watu kabla. Kuna kijana mmoja pale, mdogo kuliko mimi, ameshanunua kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, amekiunganisha na simu yake, na anatoza mia tano kukuambia gari lako linaumwa nini. Kulitibu ni bei nyingine.

Sikusimulia yote ya siku ile stejini. Mjomba aliporudi kwenye chai yake, mwenye pikapu alimwona, akaja. Kijana wa makamo, mpole. Akamsalimia, "Shikamoo, mzee," akakaa ukingoni mwa benchi, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za ukoo, "Ule mkanda, mzee, uliubadilisha mara ya mwisho lini?"

Mjomba akahesabu kwa vidole, Idi hii, Idi ile. Akatikisa kichwa. Akasimama, akavua shati, akanipa nilishike, akaingia chini ya gari na kina mama wakiwa bado juu ya magunia wanalalamika kwamba jua linawachoma na maembe yataiva yakiwa hapo hapo. Nilipiga magoti na kuwasha tochi ya simu.

"Nipe spana kumi na nne," sauti ikatoka chini.

Nikampa.

"Hii ni kumi na saba. Na shika tochi vizuri, unanimulika machoni."